Mrejesho: ile Prado niliyotaka kuinyanyua

Wakuu habari za siku, niliwauliza kama ninyanyue Prado inchi 4 na kuivalisha kashata (tairi za meno makubwa za kwenye matope), wakati kila siku natoka nayo Kisasa mpaka Mtumba kazini, hapa hapa Dodoma, shamba Bahi ni wikiendi tu. Wengi mlisema inchi 2 zinatosha, nashukuru sana, niliwasikiliza ila springi ndo nikakosea.

Fundi alinifungia springi za nyuma za kubebea mzigo mzito, na gari yangu mara nyingi iko tupu, sasa ikipita tuta inaruka kama mkokoteni, siku nampeleka mama kliniki nikamwona kwenye kioo kashika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, macho kafumba, hasemi kitu. Iliniuma sana. Kesho yake nikarudi gereji zikatolewa, tukaweka laini za inchi 2 hizo hizo, shokapu mpya, halafu alaimenti (kupanga pembe za tairi), hiyo msiiruke kabisa maana gari ikinyanyuliwa pembe za tairi za mbele zinahama na tairi zinaliwa upande mmoja.

Kashata niliacha, nimevaa A/T (tairi za lami na vumbi) saizi 265/70R16, kelele kwenye lami ni ndogo. Kwenye mchanga wa makorongo natoa upepo wa tairi mpaka presha ya PSI 20, inapita vizuri tu, nikifika lami najaza, pampu ndogo ya umeme natembea nayo.

Juzi mama kalala njia nzima kutoka Bahi.