Plastiki ya kulinda rangi kwenye kempa imekuwa ya njano na kupasuka, naitoaje?

Mkazi wa Kunduchi:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, nimekwama na muda unanibana.

Nina kempa, yale magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Ni Toyota Camroad nyeupe, ilitoka Japani. Uso wote wa mbele, pamoja na kile kichwa kinachotokeza juu ya dereva, vilibandikwa plastiki ya kulinda rangi, ile nzito isiyo na rangi, si stika ya kawaida. Jua la Dar limeimaliza. Imekuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara, ina nyufa kila mahali na pembeni imeanza kujikunja. Nikiivuta kwa kucha inakatika vipande vidogo vidogo.

Kuna kijana wa gereji amenipa bei nzuri. Anasema ataloweka petroli, atakwangua kwa wembe, nusu siku kazi imekwisha. Mwingine anasema draya ya saluni inatosha. Kati ya hizo mbili ipi ni salama? Nataka gari liwe safi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Natanguliza shukrani.

Konda Mstaafu:
Petroli mkuu, usizungushwe. Enzi zetu gari likibadilishwa ruti, maandishi ya vioo tulikuwa tunayatoa hivyo hivyo usiku, alfajiri tupo stendi tunaita abiria. Nilikuwa na dereva mmoja, yeye hata wembe hakutaka, alitumia kipande cha msumeno. Mtu wa kazi sana yule, Mungu amrehemu. Siku moja tukakamatwa pale Magomeni kwa sababu ubavuni tumeandika kwingine na kiooni kwingine, tukalala na njaa. Maisha yale yalitufundisha mengi.

Mama Kuku wa Chanika:
Mwanangu, mimi nina swali moja tu. Kiwanja unacho? Maana vijana wa sasa mnanunua nyumba yenye matairi kabla ya kuwa na nyumba yenye msingi. Huku Chanika ningekuelekeza kwa watu waaminifu kabisa. Gari hata ulipake dhahabu, linashuka thamani kila mwaka.

Fundi Klia:
Ngojeni kwanza. Mleta mada, usimruhusu huyo kijana aguse gari mpaka ujibu haya. Rangi iliyo chini ya plastiki ni ya kiwandani au iliwahi kupigwa upya? Kile kichwa cha juu ni bati au faiba? Madirisha ya ubavuni ni vioo au ni yale ya akriliki, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo?

Mkazi wa Kunduchi:
Asante fundi. Rangi ni nzuri tu, haina shida. Kichwa cha juu nadhani ni faiba, ukigonga hakilii kama bati. Madirisha ni mepesi, si vioo. Sasa nirudi kwenye swali langu, draya au petroli?

Msomi wa Korido:
Watu wengi hawajui kwamba plastiki hizi hazikuanzia kwenye magari. Jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam lilihitaji kitu cha kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vipande vinavyoruka, na 3M ndio waliotengeneza. Zikaingia kwenye magari ya mashindano, halafu kwenye magari ya wenye nazo. Siku hizi ni poliyurethani, unene kama milimita 0.2 hivi au pungufu, na maisha yake ni miaka 5 hadi 10 kutegemea ubora na jua. Kwa jua la hapa mimi nisingeihesabia kumi.

Fundi Klia:
Msomi, historia nzuri, lakini mwenzetu anataka kuchoma gari.

Mkazi, "rangi ni nzuri" si jibu. Nakuuliza kwa sababu hii. Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto kali, inashikana na bati barabara. Rangi ya mtaani inategemea fundi alisugua vipi, aliweka praima gani, ile rangi ya chini ya kushikisha rangi ya juu, na aliiacha ikauke muda gani. Gundi ya plastiki hii ikizeeka inaweza kushika rangi kuliko rangi inavyoshika bati. Ukivuta, rangi inafuata. Hapo draya haikuokoi, petroli ndiyo kabisa.

Na hayo madirisha mepesi ni akriliki. Yaguswe na petroli, thina au spiriti, utaona nyufa ndogo ndogo ndani yake na hazifutiki. Usisahau pia kwamba kempa ina mtungi wa gesi. Petroli, draya na gesi kwenye gari moja, sitaki hata kufikiria.

Kwa hiyo nauliza tena. Uso wa mbele uliwahi kupigwa rangi?

Mkazi wa Kunduchi:
Sawa fundi, usinikasirikie. Nilivyosikia, lilishawahi kugonga nguzo ya geti. Uso wa mbele ukanyooshwa, ukapigwa puti na rangi, na baada ya hapo ndipo Mzee akaagiza libandikwe plastiki ili lisichubuke tena. Lakini ni zamani, na fundi aliyepiga alikuwa anasifika. Ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja.

Dada wa Shaurimoyo:
Mzee yupi? Si umeandika "nina kempa"?

Konda Mstaafu:
Hapo sasa.

Mkazi wa Kunduchi:
Gari ni la baba mkwe. Yeye sasa hivi yuko Mwanza kwa matibabu, aliniachia funguo niwe naliwasha ili betri isife. Naomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Gari linaoza pale uani. Matairi yanakaa upande mmoja, milango inakakamaa, panya wameanza kulizoea. Kuna maharusi wanataka kulikodi siku chache waende Bagamoyo na Saadani, wameshatoa advansi. Nusu ya advansi nimempa yule kijana wa gereji. Mzee akirudi akakuta gari safi na hela ya matengenezo ipo mezani, atachukia nini? Mimi ndiye ninayelipenda hilo gari kuliko hata watoto wake.

Mama Kuku wa Chanika:
Mwanangu, mkwe si mtu wa kufanyiwa hivyo. Mtu yuko kitandani, wewe unapangisha mali yake! Hata kama nia ni njema, simu ipo. Mke wako analijua hili?

Mkazi wa Kunduchi:
Mama, mke wangu anajua linasafishwa. Suala la maharusi tutaongea.

Dada wa Shaurimoyo:
Mimi mkwe nakuachia mwenyewe, ila fikiria ajali. Bima ya gari binafsi haikuwekwa kwa ajili ya abiria wa kukodi. Likipata shida njiani, maharusi watakutafuta wewe, na Mzee atakutafuta wewe.

Nabii wa Foleni:
Jamani, mbona mnakunywa chai bila kupuliza? Kempa Dar es Salaam? Miaka yote niliyokaa mjini sijawahi kuikuta hata moja kwenye foleni. Halafu angalieni hadithi ilivyopikwa. Kwanza gari lake, mara la mkwe. Mkwe mgonjwa, maharusi wenye haraka, fundi mwenye wembe. Kesho ataleta mganga. Weka picha hapa, tuache kupoteza bando.

Mkazi wa Kunduchi:
Siwezi kuweka picha. Shemeji zangu wamo humu na gari wanalijua.

Nabii wa Foleni:
Nilijua.

Konda Mstaafu:
Sasa hata mimi naanza kupata shaka. Ningemuombea dua bure.

Dada wa Shaurimoyo:
Kempa zipo, msibishe vitu ambavyo hamjavifuatilia. Wageni wanaotoka Cape Town kwa barabara kwenda Cairo wanapita hapa, nenda kwenye kambi za ufukweni Kigamboni ukajionee. Ila na mimi nataka picha.

Fundi Klia:
Picha sihitaji. Mkazi, chukua tochi nenda kwenye gari sasa hivi. Fungua kibao cha namba cha mbele, pale jua halifiki. Inua plastiki upana wa kidole tu, taratibu, halafu niambie unaona nini juu ya gari na unaona nini nyuma ya plastiki.

*(baada ya kimya cha muda)*

Mkazi wa Kunduchi:
Nimerudi. Pale chini ya namba plastiki bado laini, inavutika kama raba, si kama huko juu inakokatika. Gundi ina harufu kidogo. Lakini nyuma ya plastiki kimetoka kipande cheupe, kadiri ya punje ya maharage, kimeng'ang'ania gundi. Na kwenye gari, mahali pale pale, naona kijivu. Nimeacha hapo.

Fundi Klia:
Hii si chai, Nabii. Anayetunga angekuja na rangi imebanduka yote ili tumlilie. Huyu ameona praima bila kujua kwamba ni praima. Kijivu hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Mkazi, nisikilize vizuri. Uso wa mbele usiguse, hata kwa ustadi wa namna gani. Mahali ambapo plastiki bado ina nguvu rangi imeshaanza kuondoka nayo, hivyo kuitoa ni kukubali kupiga rangi uso mzima. Huo ni uamuzi wa mwenye gari, na ni gharama yake.

Kichwa cha juu ni habari nyingine, maana ni faiba na hujasema kilipigwa rangi. Lakini jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ukiona dalili yoyote kama ile ya chini, acha. Ikiwa salama, fanya asubuhi, chini ya kivuli, si saa saba mchana gari likiwa linaunguza. Lowesha taulo kwa maji ya moto, lilaze juu ya plastiki mpaka ilainike, kisha inua ukingo kwa kipande cha plastiki, kadi ya simu ya zamani inatosha. Wembe weka mbali. Vuta polepole huku plastiki ikilala karibu na bodi, usiivute kwenda juu. Ikipoa, rudisha taulo. Pale ilipokauka sana tumia draya, isogeze muda wote, na joto lisizidi lile ambalo kiganja kinavumilia. Faiba ikipikwa inageuka rangi, na hakuna polishi ya kuirudisha.

Itakatika, utachoka, siku nzima inaweza kuisha kwenye eneo la meza. Gundi itakayobaki itoe kwa dawa ya kutolea gundi, ile yenye mafuta ya machungwa. Ukikosa, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, gari likiwa limepoa na draya imezimwa, halafu osha kwa sabuni. Usipige maji ya presha kwenye maungio. Silikoni ya zamani ikiachia, maji yanaingia kwenye ukuta, na nyingi za hizi kempa zina fremu ya mbao. Mbao ikioza, hilo gari halina tena thamani.

Mkazi wa Kunduchi:
Lakini nikitoa juu tu na chini nikaacha, si litakuwa la rangi mbili? Maharusi wanataka picha.

Fundi Klia:
Litakuwa la rangi mbili hata ukitoa yote. Palipofunikwa jua halikupiga, pataonekana papya kuliko ubavu, na mpaka utauona kama mtu kachora kwa rula. Polishi kwenye sehemu za ubavuni inapunguza, haimalizi. Waambie maharusi mapema.

Mama Kuku wa Chanika:
Na mkwe aambiwe mapema zaidi.

Mkazi wa Kunduchi:
Nimewaelewa wote. Kijana wa gereji nimeshamwandikia asije, amesoma na hajajibu, hela yangu sijui kama ataitoa. Kichwa cha juu naanza Jumamosi asubuhi, nina turubai la kufanyia kivuli. Kuhusu Mzee, mke wangu anampigia kila jioni, kesho nitaomba simu nizungumze naye mwenyewe kuhusu rangi ya mbele. La maharusi mniache kwanza, nilitafakari.

Nabii wa Foleni:
Mkuu, niwie radhi. Ila Jumamosi ukimaliza funika namba, piga picha.

Fundi Klia:
Mtungi wa gesi uutoe nje kabla hujachomeka draya. Na kibao cha namba kirudishe leo leo, usije ukasimamishwa barabarani.