Tupeane uzoefu: mtu mwema asiye na kwao katika tamthilia, na wale tuliowajua Kigoma na Tabora

Wanajukwaa, salaam.

Katika tamthilia za televisheni kuna mhusika mmoja anayechelewesha chakula cha jioni nyumbani kwangu kuliko mwingine yeyote. Ni yule mtu asiye na kwao, anayeshuka kwenye basi na begi moja, akaomba kibarua, akalazwa stoo, na kabla ya wiki kwisha akawa amempatanisha mama na mwanawe, amemnunulia dawa mtoto asiyemjua, na matajiri wa mji wameanza kumtilia shaka. Waandishi wanampenda kwa sababu anawafaa. Tamthilia ya mfululizo, ambayo chimbuko lake ni redio za Marekani miaka ya 1930 kwa udhamini wa watengenezaji wa sabuni, inaweza kuendelea miaka na miaka, kwa hiyo inahitaji mtu wa kuingia nyumba zote bila kuwa ndugu wa yeyote. Bwana mkubwa haingii jikoni na mpishi haketi sebuleni, lakini kibarua mgeni hupita kote, na kwa kuwa hana urithi anaougombea, kila mtu humwambia siri yake.

Linaloniudhi ni jinsi wanavyommaliza. Mara nyingi hugundulika kuwa ni mtoto wa tajiri aliyeibwa hospitalini, akavalishwa suti na kukabidhiwa kampuni, na wema wake wote ukageuzwa kuwa damu ya kitajiri iliyokuwa ikijitokeza yenyewe. Kama si hivyo, basi mkataba wa mwigizaji umekwisha, naye hupandishwa basi usiku bila hata kuagwa.

Sisi wa huku tuna haki ya kulisemea jambo hili. Kabla ya reli, misafara ya wapagazi ilipita Tabora na kuishia Ujiji. Kisha Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo miji yetu haijaacha kupokea watu wanaoshuka bila mwenyeji. Naomba basi tuelezane: mhusika wa namna hiyo alipokewaje sebuleni kwenu, na je, mliwahi kumjua wa kweli?

*Mchangiaji wa Isevya, Tabora*

Mleta mada, ahsante. Wakati ule tamthilia za Mexico zilirushwa zikiwa zimeingizwa sauti za Kiingereza, nami nilikuwa mkalimani wa bibi yangu kwa jirani mwenye televisheni, wazee wakiwa vitini na sisi watoto mkekani. Alikuwamo kijana wa kutunza farasi, asiye na kwao. Babu, aliyekuwa ameishi mjini wakati wa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ambapo watu walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime, hakumwamini hata kidogo. Kila jioni aliuliza, "Huyu kitambulisho chake cha kazi kiko wapi?" Siku kijana alipotoa mshahara wake wote kumlipia mjane kodi ya nyumba, babu akasema, "Na kesho atakula nini?" Bibi akamjibu bila kugeuza uso, "Atakula kwa huyo mjane, mzee wangu. Tuache tutazame."

Bibi hakuhitaji sana ukalimani wangu, maana alimpima kijana kwa mikono yake. "Mjukuu wangu," aliniambia, "tazama anavyokunja mikono ya shati kabla ya kushika ndoo. Huyo amezoea kazi." Ilipofika jioni ya kufichuliwa kwamba shamba lote ni lake kwa urithi, wenye nyumba walipiga makofi. Bibi alijifunga khanga yake vizuri, akasema, "Basi, wameshamharibu," na hakurudi tena kuitazama.

*Mchangiaji wa Mwanga, Kigoma*

Kwetu vipande vingi vilitupita, kwa kuwa kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na ulikatika bila kujali mgonjwa kapona au la. Nusu ya matendo mema ya mtu huyo nilisimuliwa sokoni kesho yake na wauza dagaa, ambao nashuku waliyatia chumvi.

*Mchangiaji wa Kibirizi, Kigoma*

Mimi nilimjua wa kweli. Alishuka na boti hapa ufukweni, akawa anashona nyavu na kupakua mizigo, na hakupenda kuulizwa kwao. Siku moja mawingu yalifunga ghafla wakati dagaa wameanikwa. Mnajua inavyokuwa, kila mtu hukimbilia za kwake, kwani zikilowa zimeoza. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye chanja za mama mmoja aliyekuwa hospitalini akijifungua, akazikusanya zote akazifunika turubai, mvua ikimpiga mgongoni. Alipopewa sado moja ya dagaa kwa shukrani, aliirudisha.

Hata hivyo, mleta mada, sikubaliani nawe kwamba tatizo ni mwisho tu. Mtu huyu alikopa fedha kwa mama yangu, kisha akaondoka na deni hilo, na hatukumwona tena. Mama hajawahi kumwita mwizi, wala hajawahi kusema amemsamehe, akitajwa, yeye husema tu, "Ananidai wema, namdai hela." Sijaona tamthilia inayothubutu kumwacha mtu wa aina hiyo akiwa mwema na mdaiwa kwa pamoja. Ni lazima asafishwe, au igundulike alikuwa tapeli tangu mwanzo.

*Mleta mada*

Ndugu wa Kibirizi, nakubali hoja yako. Naongeza kwamba Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1998 na ambayo wengi wetu tuliifuata kupitia ITV, ilinivutia kwa sababu hiyo hiyo: ilijengwa juu ya Horizon Deep, mji wa kubuni wa mgodini, na katika mji wa mgodini mgeni si muujiza, ni mtu aliyefuata kazi na matatizo yake begani. Nashauri watakaofuata watueleze zaidi habari za madeni na migogoro kuliko za fadhila. Wa Kaliua na Uvinza, ambako treni husimama usiku na watu wakashuka, bado hatujawasikia.