Tupeane uzoefu: Muppets bado wana soko, au Disney wanashikilia tu ufunguo?

Mwana wa Kamalondo (mfungua mada)

Disney ilinunua Muppets, vile vikaragosi vya Kermit chura na Miss Piggy, mwaka 2004. Tangu hapo tumeona filamu mbili za sinema, na vipindi vitatu ambavyo kila kimoja kiliishia msimu wa kwanza (2015, 2020, 2023). Juni 2025 wakafunga hata onyesho la Muppet*Vision 3D kule Florida, iliyokuwa ikionyeshwa tangu 1991. Hapa Lubumbashi ubishi hauishi: wengine wanasema mali imechoka, wengine wanasema mwenye duka ndiye hajui kuipanga. Leteni mnachokijua kwa uhakika: hesabu, sheria, kazi ya mikono. Wa kulilia utoto wao wafungue mada nyingine.

Papa Hesabu

Nianze na sinema, maana ndipo watu wanapojidanganya. Filamu ya 2011 iligharimu dola milioni 45, ikaingiza karibu milioni 165 duniani. Ile ya 2014 iligharimu milioni 50, ikaingiza kama 80. Mtu anatoa 50 kwenye 80, anasema faida ni 30. Hapana. Majumba ya sinema yanabaki na karibu nusu ya pesa ya tiketi, na matangazo hayamo ndani ya zile 50. Filamu ya pili haikulipa, na tangu hapo hakuna nyingine iliyoingia sinema.

Upande wa televisheni, ubaya ni kubadilisha sura kila mara. 2015 walitengeneza vipande 16 vya ucheshi wa ofisini, Kermit na Piggy wameachana, na katikati ya msimu wakabadilisha msimamizi. 2020 vikawa vipande 6 visivyo na hadithi moja. 2023 wakaipa bendi ya vikaragosi ya Dr. Teeth vipande 10, basi. Kiwanda cha wanasesere na mabegi ya shule kinapanga mzigo miezi mingi mbele. Nani ataweka pesa kwa kipindi ambacho hajui kama mwakani kitakuwepo?

Metre Katuba

Papa Hesabu amesema vizuri, lakini ongeza sheria. Familia ya Jim Henson, aliyewaunda Muppets na kumchezesha Kermit, iliuza kampuni nzima kwa EM.TV ya Ujerumani mwaka 2000, dola milioni 680. EM.TV ikazama kwenye madeni. Wahusika wa kipindi cha watoto Sesame Street wakaenda kwa Sesame Workshop, wanaokitengeneza, familia ikarudisha kampuni mikononi mwake 2003, halafu 2004 ikauza Muppets kwa Disney. Kwa hiyo leo kuna wenye mali watatu: Disney ana Kermit, Piggy, Fozzie, Gonzo, Sesame Workshop ana Elmo na Big Bird, kampuni ya Henson imebaki na Fraggle Rock na The Dark Crystal. Hakuna anayeweza kuuza ukoo mzima kwa pamoja.

Muziki nao ni mzigo. The Muppet Show ya zamani imejaa nyimbo za watu wengine, na ruhusa ya kuonyesha kwenye televisheni mwaka 1977 haikuhesabu DVD wala intaneti. Ndiyo maana DVD zilitoka msimu wa 1 (2005), wa 2 (2007) na wa 3 (2008), kisha kimya. Misimu yote mitano ilifika Disney+ mwaka 2021 tu, na baadhi ya nyimbo zilikatwa.

Kijana wa Ruashi

Disney+ yenyewe haijaletwa rasmi Kongo. Tunabishania duka ambalo hatuna mlango wake.

Metre Katuba

Ndiyo hoja yenyewe, mdogo wangu. Kumbukeni The Muppet Show ilivyojengwa: mitandao ya televisheni ya Marekani iliikataa, Lew Grade, bosi wa televisheni wa Uingereza, akatoa pesa, wakapiga vipande 120 pale Elstree kuanzia 1976 hadi 1981, vikauzwa kwa zaidi ya nchi mia. Kifaransa walimpa Kermit sauti ya Roger Carel, na Piggy ya Micheline Dax. Televisheni ya bure, kila wiki. Les Guignols de l'info, vikaragosi vya kejeli vya Ufaransa, nao walishika watu miaka kwa sababu ya saa ya bure kwenye Canal+, stesheni ya kulipia. Walipofungiwa upande wa kulipia watazamaji wakapungua, na 2018 wakaisha.

Mama Vikaragosi

Nyinyi wanaume mmeongea pesa, hakuna aliyesema kwa nini dakika moja ya vikaragosi ni ghali. Kermit anahitaji mtu mmoja: mkono wa kuume kichwani, wa kushoto unashika fimbo mbili za mikono. Fozzie na Rowlf wanahitaji wawili, maana vidole ni vya mtu kweli; mkuu anatoa mkono wa kushoto, msaidizi anatoa wa kuume. Wahusika 10 kwenye picha moja, hesabu watu 14 au 15 chini yake. Halafu jukwaa lote linainuliwa ili wachezeshaji wasimame, na kila mmoja anatazama skrini ndogo yenye picha ya kamera, si kikaragosi.

Skrini hiyo haigeuzwi kama kioo. Ukienda kuume, picha inaenda kushoto. Vijana wanaojifunza kwa kamera ya mbele ya simu wanaharibu mkono, kwa sababu ile inageuza. Tumieni kamera ya nyuma, na waya hadi televisheni.

Mdomo: dole gumba ndilo linashuka, vidole vinne vinatulia. Ukiinua vidole, kichwa kinarushwa nyuma na macho yanatazama dari. Na Kiswahili chetu kina mtego wake: karibu kila silabi inaisha kwa irabu. Ukifungua mdomo sawasawa kwa "tu-na-ku-shu-ku-ru", kikaragosi kinadonoa kama kuku. Fungua sana kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hapo kwenye "ku" ya pili, zingine kidogo tu.

Kutengeneza: sponji ya godoro, iombe ikatwe sentimita 1 hadi 1.5, nene zaidi, kichwa kinakuwa kizito na mdomo haukunjiki. Kole ya fundi viatu, paka nyembamba pande zote mbili, ngoja kama dakika 10 hadi kidole kisinate, ndipo uunganishe. Wakati wa mvua inachukua muda zaidi. Ukiharakisha, mshono unafunguka; ukipaka nyingi, kole inakuwa ngumu na mstari unaonekana juu ya kitambaa. Fanyieni nje, harufu yake inaumiza. Ngozi ni koti la polari la mitumba: livute kwanza, upande unaonyumbuka zaidi uzunguke uso.

Na sponji haidumu. Jua na joto vinaigeuza njano, halafu unga. Hata vya Henson vinaoza, inabidi vitengenezwe upya. Gharama ya karakana haiishi siku kipindi kinapotoka.

Dada Sauti

Msisahau mkono wenyewe. Henson alikufa Mei 1990, Steve Whitmire akamchukua Kermit hadi 2016, Matt Vogel tangu 2017. Piggy alitoka kwa Frank Oz kwenda kwa Eric Jacobson. Kila badiliko, mashabiki wanasikia tofauti kabla ya kuiona. Disney wangeweka mchezeshaji wa pili kando ya wa kwanza kwa miaka, si baada ya kugombana naye.

Papa Hesabu

Kuna faida moja ambayo Disney hawaitumii. The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha Kenya, iliyoanza 2009 kwa wazo la mchoraji Gado, ilitegemea sura za wanasiasa. Mwanasiasa akitoka madarakani, uso wake wa mpira unabaki stoo. Kermit hana muhula. Kwa kipande kimoja cha dakika tano kila wiki, bure, kwa lugha nyingi, ningemrudisha sokoni kabla ya filamu yoyote ya milioni 50.

Kijana wa Ruashi

Mama, naweza kutengeneza Kermit kwa karamu za watoto, niwe nalipwa?

Mama Vikaragosi

Kumlipisha mtu kwa Kermit bila leseni, muulize Metre, atakukataza. Tengeneza mnyama wako. Macho ni mpira wa ping-pong uliokatwa katikati. Weka mboni zikielekea pua kidogo, milimita chache tu. Ukiziweka katikati kabisa atatazama mbali, na mtoto hataamini kwamba anaongea naye. Macho yabandike mwisho, baada ya kujaribu mdomo mbele ya skrini.