Tupeane uzoefu: wakutubi wa kwenye muvi na hawa tunaowajua sisi

Wakuu habari za jioni. Juzi nimerudia The Mummy ya 1999, ile sehemu Evelyn, mkutubi wa Cairo, yuko juu ya ngazi anataka kurudisha kitabu, ngazi ikayumba, rafu ya kwanza ikalalia ya pili, ya pili ikalalia ya tatu, ukumbi mzima chini. Waifu kacheka mpaka machozi. Mimi nawaza nani atavipanga hivyo vitabu, maana niko maktaba ya chuo mwaka wa tisa huu na kitabu kikikaa tu kwenye namba ya jirani ujue kimepotea, utakuja kukiona siku ya kuhesabu. Wenzetu muvi inakata, wako safarini wanatafuta mji wa dhahabu. Haya leteni zenu, wasomaji na tulioko kaunta.

#2
Mkutubi wa kwanza kumuona maishani mwangu alikuwa mzimu 😂 Kibanda umiza, kiingilio shilingi hamsini, wakaweka Ghostbusters ya 1984. Bibi kizee anaelea katikati ya rafu kule maktaba ya New York anajisomea zake, jamaa wakamsemesha, akaweka kidole mdomoni, ssshh. Yaani kafa na bado ananyamazisha watu! Aliyekuwa anatafsiri akasema huyo ni msimamizi wa mitihani. Nilipofika sekondari nikaogopa kuingia maktaba term nzima.

#3
Mimi ni mkutubi na ni mwanamke, hizi muvi zimetuonea sana. Kuna ile ya zamani ya 1946, It's a Wonderful Life, jamaa anaonyeshwa dunia ingekuwaje asingezaliwa, anakuta mkewe hajaolewa, kavaa miwani, anafunga mlango wa maktaba jioni. Ndio balaa lenyewe hilo, eti kawa mkutubi! Nilipopata nafasi ya kusoma ukutubi Bagamoyo shangazi yangu akaniuliza taratibu, "mwanangu, huko wanaume wapo?" Nina watoto watatu shangazi, na miwani sina.

#4
Mwalimu hapa, shule ya kata. Iliyonigusa ni Shawshank, mfungwa anaandika barua kila wiki kuomba hela ya maktaba ya gereza, miaka sita, ndio wakamtumia dola 200 na maboksi ya vitabu vilivyotumika. Na mimi nimeandika sana barua hizo. Boksi letu la kwanza lilipofika tulilizunguka walimu wote, mkuu wa shule akakata kamba mwenyewe kwa wembe. Cha juu kabisa: mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Kopi kumi na moja. Chini yake uhasibu wa zamani na nusu ya kamusi, inaanzia M. Kwenye muvi ile boksi likifika jamaa anaweka santuri, gereza zima linasimama kusikiliza. Sisi tuliweka lebo, tukagonga muhuri, tukavipanga hivyohivyo, na kuna dogo wa form two alikisoma kile cha theluji mpaka mwisho.

#5
Kimya cha kwenye muvi sijawahi kukikuta. Wakati nasoma, vita ilikuwa soketi. Mtu anaweka begi kwenye kiti saa moja asubuhi anarudi saa sita, chaja tano kwenye ekstensheni moja, na zile kurasa za maswali unakuta zimechanwa kwa rula kabisa. Ila kuna baba mmoja wa kaunta, hakuwahi kuniuliza jina, kitabu chetu kilikuwa kimoja darasa zima na kila nikifika anakitoa chini ya kaunta kakifunga na gazeti. Huyo hajachezwa na yeyote.

#6
Tafuteni Desk Set ya 1957. Wadada wa kitengo cha kujibu maswali kwenye kampuni ya televisheni wanaletewa kompyuta, wanajua kazi imeisha, halafu ya idara ya mishahara inachanganyikiwa inatoa barua za kufukuza kampuni nzima pamoja na bosi 😂😂 Bosi wetu mwezi jana kauliza mkutubi wa nini wakati kuna Google. Nataka nimtumie link.

#7 (mleta mada)
Namba 4 umeniua na theluji. Naendelea kuwasoma ila kuna mtu meza ya dirishani anakoroma, wenzake washaanza kumrekodi, ngoja nikamguse bega. Ssshh sijawahi kusema tangu niajiriwe.