Nanunua nyumba Kigoma Mjini nikiwa Dodoma, nimchague dalali yupi?

mnunuzi_mwanga
Wakuu, heshima kwenu. Natafuta nyumba ya vyumba vitatu, Gungu, Katubuka au Mwanga, bajeti haizidi milioni 45. Nipo Dodoma kikazi, kwa hiyo sina budi kupitia dalali. Nimeongea na watatu kwa simu. Wa kwanza anataka 20,000 kwa kila nyumba atakayonionyesha. Wa pili ana nyumba nzuri ya milioni 45, ila hataki nionane na mwenyewe mpaka nitoe advansi. Wa tatu anasema anachukua asilimia 5 na hana masharti mengine. Niende na yupi? Na uhalali wa hati nitaujuaje?

bikoni_kona
Huyo wa pili achana naye. Dalali anayekuficha mwenye nyumba mara nyingi ameweka cha juu. Mwenye mali anataka 38, wewe unatajiwa 45, hizo milioni 7 ni zake na bado atakudai kamisheni. Wengi wanaumia kwa hela tu, ila balaa lenyewe liko kwenye mkataba: muuzaji atasaini 38, kwa sababu ndiyo bei anayoijua. Mauziano yakivunjika, ushahidi wako ni wa 38. Zile 7 utamdai nani, kwa karatasi gani?

Wa kwanza si lazima awe tapeli, hela ya kuonyeshwa ni mazoea ya mjini. Shida ni kwamba anayelipwa kwa kuonyesha hana haraka ya wewe kununua, atakuzungusha mpaka kwenye nyumba zilizokwishauzwa. Mpe nauli ya bodaboda, mkubaliane itakatwa kwenye kamisheni.

Anza na wa tatu, lakini muulize hiyo asilimia 5 inatoka mfukoni mwa nani. Kwenye milioni 45 ni 2,250,000. Akichukua na kwa muuzaji si kosa, mradi wote wawili mnajua. Andikeni karatasi moja: nyumba ipi, asilimia ngapi, nani analipa na lini. Nusu ya kamisheni alipwe siku ya kusaini mkataba, nusu nyingine maombi ya uhamisho yakishapokelewa ofisi ya ardhi. Bei ya nyumba isipite mkononi kwake hata shilingi, iende benki kwa benki kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati.

mama_ujiji
Mwanangu, dalali mzuri utamjua kwa maswali ya eneo. Muulize Katubuka nyumba iko umbali gani na bwawa, maana mvua zikizidi maji yanaingia majumbani. Muulize pia mpaka wa uwanja wa ndege. Ukishuka Kibirizi au Bangwe, uliza kuhusu ziwa: limepanda miaka ya karibuni, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Barabara kuu kama ya kwenda Mwandiga na Kasulu, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Akijibu "hapa hakuna shida" bila kukutajia hata kimoja, huyo anauza maneno.

Mwanga kwenye mteremko mtume mtu siku ya mvua kubwa akaangalie nyuma ya nyumba. Tofali za kuchoma zinavumilia, ila msingi ukianza kuchimbwa na korongo, rangi mpya ya ukutani haikuambii kitu. Nyufa za kulala mshazari kwenye kona za madirisha ndizo za kuogopa.

wakili_wa_reli
Dalali kazi yake ni kukutafutia nyumba. Uhakiki wa umiliki usimwachie, hata awe mwaminifu vipi, kwa sababu halipwi mpaka uuziwe.

Omba nakala ya hati, nenda au mtume wakili kwa Msajili wa Hati akafanye upekuzi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki au zuio. Kisha linganisha namba ya kiwanja na kitalu na ramani ya upimaji, na bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zionekane ardhini. Kama eneo halijapimwa, upekuzi hautakusaidia: nenda manispaa uangalie mchoro wa mipango miji, na majirani wa pande zote waulizwe. Muhuri wa mtaa si uthibitisho wa umiliki.

Mwenzi wa ndoa asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda kwenye nyumba ya familia, na mauzo mengi yanayofutwa yanafutwa hapo.

Mkishauziana mnajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Muuzaji akikuomba mwandike bei ndogo kukwepa kodi, kataa. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Ukinunua 45 mkaandika 25, siku ukiuza 65 faida ya maandishi inakuwa 40 badala ya 20, na mzigo huo ni wako.

mnunuzi_mwanga
Shikamoo mama, na asanteni wote. Wa tatu kanitumia nyumba ya Gungu. Ni ya urithi, watoto wapo watano, anayeuza ni kaka mkubwa. Anasema ndugu wote wameridhia.

wakili_wa_reli
Ukubwa haumpi mamlaka. Dai uteuzi wake kama msimamizi wa mirathi, fomu namba IV kama ni mahakama ya mwanzo, na uende kuithibitisha kwa karani wa mahakama iliyoitoa. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, ihamie kwanza kwa msimamizi. Ndugu wanne wasaini muhtasari wa kikao cha ukoo, na wapigie simu wewe mwenyewe mmoja mmoja kabla hujalipa.

bikoni_kona
Omba pia namba ya mita, umtume mtu anunue umeme kidogo. Kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme, ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ikikatwa nyingi kwa mkupuo, kuna malimbikizo, na muuzaji ayamalize kabla ya kusaini.