Kitu gani kidogo unakisubiri kwa hamu wiki nzima?

Wadau, mimi ni fumbo la maneno, Jumamosi alfajiri kabla nyumba haijaamka. Naanza na yale ya herufi tatu, ndiyo yanafungua njia. Ninyi je?

Jibu: Kuogelea, Alhamisi jioni. Siku hiyo simpi mtu ahadi.

Jibu: Sataranji na kaka yangu kila Jumapili. Yuko mbali, kwa hiyo tunacheza kwa simu, kila mtu na ubao wake. Anataja mraba, nami namsogezea kete zake. Kinachoninogea zaidi ni pale anapowaza: namsikia akigongagonga kete mezani, najua farasi anakuja. Ushindi ni nyongeza tu, ninachokitaka ni ile saa pamoja naye. (Mleta mada, fumbo lako lina umri: la Arthur Wynne, mwanzilishi wa mafumbo haya, lilitoka gazetini New York mwaka 1913, tena lilikuwa na umbo la almasi.)

Mleta mada: Ahsante, sikulijua hilo! Na simu ikikatika?

Jibu: Kila hatua tunaiandika daftarini. Akirudi hewani tunaendelea tulipoishia.