Mrejesho: Nilipindua mawe Mto Sagana, samaki aina ya trauti wamekubali

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kwa nini trauti wa Mto Sagana, huku Mlima Kenya, wanampuuza nzi wangu bandia, yaani chambo cha mfano wa mdudu kinachoelea juu ya maji. Mmoja wenu alinijibu kwa mkato: "Weka mshipi chini, pindua mawe kwanza." Nilikereka kidogo, ila nikaenda kutazama wadudu wa chini ya mawe, na bakuli jeupe na kichujio cha chai (mama watoto bado anakitafuta).

Jiwe la kwanza tu: tunutu (wadudu wachanga wasio na mbawa bado) bapa wenye mikia mitatu, matamvua yakipepea ubavuni. Pembeni yao, mabuu waliojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Juu ya maji hakuna hata mdudu mmoja. Kumbe nilikuwa naandaa meza ghorofani, wageni wanakula chini!

Nikafunga chambo kidogo cha kahawia mfano wa tunutu, chenye ushanga wa shaba, kikazama hadi karibu na changarawe. Nilipata trauti watatu, wa nne akakata mshipi. Jioni tunutu wakaanza kuibuka na kuota mbawa, na hapo ndipo yule nzi wa kuelea naye akaliwa.